Mkunga Aliyekinga Ukungu

Paukwa!

— Pakawa!

Mmeitika kama watu walioshiba wakasinzia. Paukwa!

— Pakawa!

Haya, hapo sawa. Pakawa mlima, juu ya mlima kijiji, juu ya kijiji ukungu.

Hapo zamani za kale, zamani ambazo hata bibi yake bibi yangu alizisikia tu, palikuwa na kijiji kilichokaa mgongoni mwa mlima. Kila alfajiri ukungu ulipanda kutoka bondeni. Ulipanda polepole, polepole, ukapita kati ya nyumba, ukaingia milangoni bila hodi. Mbuzi walipotea humo wakiwa wamesimama. Mtu aliongea na jirani asiyemwona, sauti ikajibu sauti. Kisha jua lilichomoza, ukungu ukaenda zake, na kijiji kikabaki kimekauka kau.

Ndiyo, wenzangu. Kijiji kinalowa kila siku, na maji hakina! Maji yalikuwa mtoni, chini, chini kabisa. Kushuka na kupanda, mpaka jua la utosi. Na njia yenyewe utelezi mtupu.

Kijiji kilikuwa na mitaa mitatu. Mtaa wa wahunzi: nga! nga! nga! Mtaa wa wafinyanzi: pa, pa, pa. Mtaa wa wasusi wa mikeka: chaka-chaka, chaka-chaka. Mitaa hiyo haikukaribishana hata kwa uji. Mhunzi akipita kwa wafinyanzi, vyungu vilifunikwa asivitie jicho. Msusi akipita kwa wahunzi, kazi ilisimama mpaka apite. Ujinga, lakini ndio waliokuwa nao.

Mtu mmoja tu aliingia kote. Huyo ni Bibi Mkawasi, mkunga. Nani amzuie mkunga mlangoni? Mikono yake ndiyo iliyowapokea wote duniani, wenye ndevu na wasio nazo.

Bibi huyu alijaliwa binti mmoja. Binti alishuka mtoni na mtungi, akateleza, hakurudi akiwa hai. Watu walipokuja kuzika, mnajua walisema nini? Wahunzi walisema, "Mitungi ya wafinyanzi ni mizito mno." Wafinyanzi walisema, "Kata za wasusi ndizo hazitulii kichwani." Wasusi wakasema, "Majembe ya wahunzi ni butu, ndiyo maana njia haichongeki ngazi." Mbele ya kaburi bichi, jamani! Bibi Mkawasi aliwasikia wote. Alilia, akaenda nyumbani.

Binti aliacha mtoto wa kike, Wakesho. Bibi akamlea. Wakesho akakua, akaolewa, akarudi kwa bibi yake kujifungua uzazi wa kwanza. Tumbo lilimtangulia mlangoni. Na kila alfajiri alijitwika mtungi.

"Usiende, mjukuu wangu."

"Nisipokwenda tutakunywa nini, Bibi? Magoti yako yenyewe yanalia kama bawaba."

Wakesho aliingia ukunguni, akafutika. Bibi akakaa kizingitini akisikiliza. Alisikiliza mpaka masikio yakauma. Aliogopa, nawaambia, aliogopa kuliko siku zote za maisha yake, kwa maana alizijua sauti za njia ile, na alijua jiwe moja likibingirika lina maana gani.

Sasa, watu wa kijiji kile walitundika mkeka mlangoni kukinga ukungu usiingie, maana walisema unaleta kikohozi. Asubuhi moja ukungu ulikuwa mzito kama maziwa ya mgando. Wakesho alikuwa anajifunga kanga atoke.

"Mkeka huu umechoka, Bibi. Haukingi tena. Tazama unavyodondosha."

Tii. Tii. Tii. Pembeni mwa mkeka, pale uliposukwa vibaya ukaacha matundu, matone yalikuwa yanashuka. Bibi Mkawasi akachukua bakuli, akaliweka chini yake.

"Unafanya nini?"

"Nakinga."

"Unakinga nini, na ukungu umeshajaa ndani?"

"Nakinga maji," alisema Bibi. Kisha akacheka peke yake, kicheko cha chini, kama mtu anayetekenywa usingizini. Neno lile moja walikuwa wanalishika mkia miaka yote, na kichwa kilikuwa upande wa pili! Wanakinga ukungu usiingie, wala hawaukingi wakaunywa.

Jua lilipotoka, bakuli lilikuwa na funda moja. Bibi alimpa Wakesho. Yalikuwa matamu, yana ladha ya majani.

Bibi akashika fimbo, akaenda kwa wasusi. Mkubwa wao aliitwa Kilambo.

"Kilambo, mwanangu, nisukie mikeka mikubwa yenye matundu. Matundu mengi."

Kilambo alishtuka. "Mkeka wenye macho? Shikamoo Bibi, lakini hilo ni tusi. Msusi akisuka mkeka wa macho, huozeshwa mke asiyeona!"

"Mkeka uliosukwa vizuri unayanywa maji wenyewe. Mimi nataka wako mbaya."

Akaenda kwa wafinyanzi, kwa Mama Mghoi.

"Mghoi, nifinyangie vyungu visivyo na vitako. Virefu, vinavyoingiana."

Mama Mghoi akashika kifua. "Chungu kisicho na kitako huwekwa juu ya kaburi la mfinyanzi, Bibi. Nani amekufa?"

"Hajafa mtu. Nataka asife."

Akaenda kwa wahunzi, kwa Mwandawiro.

"Mwandawiro, nifulie fito za chuma, ndefu, zisizo na makali."

"Chuma kisichokata?" Mwandawiro alicheka mpaka akadondosha nyundo. "Kazi ya mhunzi mlevi hiyo!"

"Basi lewa siku mbili kwa ajili yangu. Ulikuja duniani miguu mbele, Mwandawiro, na sikukucheka."

Mwandawiro aliacha kucheka.

Basi wakafanya, kwa aibu, kila mtaa kwa siri. Wakaleta vitu vyao ukingoni mwa mlima, kila mtaa saa yake, wasionane. Wahunzi wakasimika fito pale walipopenda. Wasusi wakatundika mikeka wakiielekeza kijijini, ipendeze machoni. Wafinyanzi wakapanga vyungu vyao mahali penye kivuli. Alfajiri upepo ukaja. Vuuu! Mikeka ikaruka kama kanga zilizosahauliwa kambani. Vyungu vikalala vikavu. Na kelele zikaanza upya, mhunzi huyu, msusi yule, mfinyanzi wewe.

Bibi Mkawasi alikaa juu ya jiwe mpaka walipochoka.

"Kinga na kinga ndipo moto uwakapo," alisema. "Mnaisema methali hii kila mkichochea meko. Mmewahi kuona kinga kimoja kikaivisha maharage? Wakesho amebakisha siku chache. Nitamsindikiza mtoni, au mtamalizia kazi?"

Ukungu uliwapitia katikati, na kwa sababu hawakuonana nyuso, aibu ilipungua. Sauti ya Mwandawiro ikatoka humo.

"Upepo unapanda kutoka kule, kwenye mwanya. Najua, mivukuto yangu imenifundisha pumzi. Msusi, geuza mikeka yako."

"Nikigeuza, fito zako ziinamishe kidogo," ikajibu sauti ya Kilambo, "mkeka ukilala kidogo hauraruki."

"Na maji hayapendi kuruka, yanapenda kuteremka," ikasema sauti ya Mama Mghoi. "Sogezeni miguu yenu, nipitishe vyungu."

Wakafanya kazi vile, kama watu wanaoota ndoto moja. Nga! nga! Pa, pa. Chaka-chaka. Ukitega sikio usingejua ni mtaa gani.

Siku ya tatu, kabla jua halijatoka, Wakesho alishika kiuno akalia, "Bibi!" Bibi akafukuza wanaume, akakunja mikono ya kanzu. Nje ukungu ulikuja kama mgeni anayeijua njia. Uligusa mikeka ya macho, ukaning'inia kwenye kila tundu. Tii. Tii. Tii-tii. Tiririri! Maji yakaingia vyunguni, chungu kikakipa chungu, mpaka mtungini mlangoni kwa Bibi Mkawasi. Mtungi ukajaa. Hakuna mwanamke aliyeshuka mtoni asubuhi ile.

Mtoto akatoka. Akalia. Bibi naye akalia, na hakujificha.

Loo, nimesahau kuwaambia jambo, msinikasirikie, uzee huu. Katika kijiji kile mtoto alikuwa wa mtaa uliomletea maji ya kwanza ya kuogeshwa. Ndiyo maana, kila alipozaliwa mtoto, wanawake walikimbilia mtoni kwenye utelezi, kila mtaa uwahi. Basi mtoto alipokwisha kuoga, wazee watatu walisimama mlangoni wakikohoa, kila mmoja na lake kooni.

Bibi Mkawasi akatoka na mtoto mikononi. Maji yalikuwa bado yanamdondoka kisogoni.

"Haya semeni. Maji haya ni ya nani?"

Kilambo alitazama mikeka. Mama Mghoi alitazama vyungu. Mwandawiro alitazama fito zake zisizokata. 

"Ni yetu," alisema Mama Mghoi mwishowe.

"Na mtoto je?"

Wote watatu wakanyoosha mikono kwa pamoja. Bibi akawapa. Alimweka juu ya mikono sita, akaingia ndani, akalala usingizi. Hakukaa tena kizingitini kusikiliza njia.

Wenzangu, fundi hufunzwa kuonea fahari kazi yake nzuri. Huyu bibi alifundisha kwamba siku nyingine kijiji kinaokolewa na ile unayoionea haya, ukiiweka karibu na ya mwenzako.

Ngano yangu nimeifikisha mwisho, naiacha hapa. Mwenye kiu na anywe, mwenye jirani na amwite.