Kwa Nini Kila Mize Ana Herufi Zake

Anayetaka kuniita mwongo na aniite sasa, kabla sijaanza, maana baadaye atatafuta pa kuficha uso. Nawaona, mashangazi, mnavyocheka huku mmeinamia miaa yenu ya kusukia mikeka. Shule niliiacha darasa la nne, sikatai, lakini kwa habari hii hakuna mwalimu wa kunishinda.

Zamani, kijiji chetu cha Mtondooni kilipokuwa bado hakina barabara, jina la Mize lilibaki kwa mtu mmoja tu. Huyo ni Bi Mize binti Faki, kikongwe aliyewashonea watoto wote mikeka ya kulalia zile siku arubaini za uzazi. Mwenyewe hakujaliwa mtoto. Alichotaka ni somo mmoja tu, msichana wa kubeba jina lake, lisije likazikwa naye. Kila alipokwenda kumtazama mzazi aliyejifungua aliomba, na kila alipoomba alipewa kahawa badala ya jibu. Wanawake walitaka majina mapya. Mmoja alimwambia machoni, "Bibi, hilo jina la kuitia kuku."

Bi Mize hakununa. Alimaliza kahawa yake, akarudi nyumbani, akaweka sharti. Anayetaka mkeka wa mtoto aje na miaa yake, asuke pamoja naye, na kwenye pembe atie jina la Mize kwa miaa ya rangi.

"Mtoto mwiteni mtakavyo," alisema. "Mimi nataka pembe tu."

Wakaliona jambo dogo. Walisahau desturi yao wenyewe: jina la mtoto mchanga halitajwi mpaka arubaini zitimie, na mgeni haulizi. Basi wageni wakawa wanasoma mkeka. Mize kaamka? Mize kanyonya? Siku ya arubaini mama alipotangaza lile jina lake zuri, hakuna aliyegeuka, hata mtoto mwenyewe. Mwaka ule walizaliwa wasichana saba, na wote saba wakawa Mize.

Ila mikono haikuwa sawa. Mwenye miaa mingi alitia z mbili. Aliyeishiwa aliiacha herufi ya mwisho. Mwingine alibakiwa na nafasi akaijaza kwa h. Wakaanza kutoana kasoro, mpaka wawili wakaburuta mikeka yao kwa Bi Mize awaamulie. Wakati huo alikuwa hainuki tena. Akataka wamtandikie yote miwili. Akalala kwenye huu, akajigeuza, akalala kwenye ule.

"Mgongo wangu haujaona tofauti," akasema. "Wote hao ni somo zangu."

Na tangu siku hiyo, Mtondooni kila nyumba ina Mize wake, kila Mize ana herufi zake, na anayemsahihisha mwenzake huambiwa akajilaze kwanza.

Haya, kuna kipande nilikiruka. Si kila nyumba. Yule aliyemjibu Bi Mize machoni, wa jina la kuku, alikuwa mama yake bibi yangu, na mkeka wake alikwenda kuununua mjini. Ndiyo maana kwetu hakujawahi kuwa na Mize hata mmoja. Binti yangu leo ana siku ya tatu, amelazwa juu ya kanga. Miaa nimeiacha hapo mlangoni, nimeichambua mwenyewe, kwa hiyo msiikague sana. Nani atasogea kidogo nikae, anionyeshe pa kuanzia?