Kengele ya Sombrac

Mzinga haukumbuki kwamba ulikuwa kengele. Ndivyo nilivyosema asubuhi pale sokoni, nanyi wawili mmenifuata mpaka nyumbani kuniuliza neno hilo nimelitoa wapi. Haya, kaeni. Lutengano, sogeza hicho kikapu cha maharage, mikono ifanye kazi wakati masikio yanasikia. Na wewe Atupele, acha kuniangalia kama mgonjwa. Sijambo, nina hasira tu.

Methali hii si ya babu zetu. Niliipata nikiwa mwalimu kijana wa historia, kwa mwuguzi mmoja wa misheni aliyeisikia kwao Ulaya kwa bibi yake. Kama kila jambo lilitokea hivyo hasa, siwezi kuapa. Ila chanzo chake, jinsi nilivyosimuliwa, ni hiki.

Karne ya kumi na saba ilipokuwa ukingoni, Ulaya ilikuwa na wafalme waliodhani Mungu aliumba dunia kisha akawakabidhi wao funguo. Walihubirisha hivyo makanisani: mfalme ametoka kwa Mungu, na anayembishia mfalme anambishia Mungu. Wakati huohuo watu wasiokuwa na taji walianza kuandika vitabu wakiuliza swali jepesi. Mfalme akivunja ahadi aliyowapa watu, watu nao wana wajibu gani wa kumtii? Vitabu hivyo vilichomwa moto hadharani. Miaka thelathini nimewaambia wanafunzi wangu kwamba mtu hachomi kitabu anachoweza kukijibu, na wengi wao waliniandikia hivyo kwenye mtihani bila kuelewa.

Wafalme wale walipigana karibu kila mwaka. Leo ni mto, kesho ni mpaka, keshokutwa ni urithi wa binamu aliyekufa bila mtoto. Vita vilitaka mizinga na mizinga ilitaka shaba, na shaba nyingi ilikuwa imening'inia juu ya minara ya makanisa. Kwa hiyo kengele zilishushwa, zikayeyushwa, zikawa mizinga.

Katika ufalme mmoja, ambao mwuguzi yule hakunitajia jina lake, palikuwa na mji mdogo wa wafumaji wa sufu ulioitwa Sombrac. Watu wake walikuwa Waprotestanti chini ya mfalme Mkatoliki. Waliishi kwa ahadi. Babu yake mfalme aliwaandikia hati kwamba watasali kwa namna yao na hapana atakayewagusa. Hati ile waliiweka ndani ya sanduku kanisani, na kila mwaka waliitoa wakaisoma kwa sauti, watoto wakisikia.

Sasa shikeni desturi yao, maana hapo ndipo penye hadithi. Kengele yao hawakuinunua ikiwa tayari. Fundi aliitwa mjini, akachimba shimo mbele ya kanisa, akawasha tanuri hapohapo, na kila nyumba ikaja kutumbukiza kitu chake cha shaba katika ule uji wa moto. Huyu alileta ufunguo wa nyumba iliyoungua, yule kijiko alicholishiwa mwanawe. Judith Roumet, mfumaji, alikuwa mjane wa miezi miwili. Alikata vifungo sita vya koti la marehemu mumewe, akavitupa humo kimoja kimoja.

Kengele mpya ilipewa jina, na mtu mmoja alichaguliwa awe mama yake mlezi. Yeye ndiye aliyeitamkia jina lake mara ya kwanza. Kwa kuwa msiba wa Judith ulikuwa bado mbichi, walimchagua yeye. Aliiita Clémence, yaani Huruma. Fundi akaandika jina hilo ubavuni, na chini yake maneno haya: "Watu wa Sombrac wamenizaa."

Kwa miaka ishirini Huruma iliwaita watu kwenye ibada, moto, mafuriko, harusi na mazishi. Judith hakuwa na mtoto. Kila asubuhi alipopita chini ya mnara kwenda kazini, kengele ikilia, alisema, "Na wewe umeamkaje?" Watu walimcheka, naye hakuwa na muda nao.

Ndipo mjumbe wa mfalme akaja. Vita vilikuwa vinamwendea mfalme vibaya, anataka kengele. Wazee wa Sombrac walikuwa wamesikia minong'ono kwamba kuna watu ikulu wanaomshawishi mfalme aichane ile hati ya babu yake. Wakajiona wajanja. Wakasema, tutampa kengele, naye aisaini hati ile upya kwa mkono wake mwenyewe. Mfalme akasaini bila hata kuchelewa, na muhuri mwekundu ukapigwa.

Judith alikubali kwa sharti moja, na mji mzima ukamuunga mkono: mzinga utakaotengenezwa uandikwe jina lilelile na maneno yaleyale. Walidhani mwenye jina ana kwao, na mwenye kwao hapotei. Siku kengele iliposhushwa, watu walisimama kwenye ngazi za kanisa wakaiimbia zaburi mpaka mkokoteni ukapotea bondeni.

Mfalme alishinda vita. Habari zikafika kwamba mzinga uitwao Huruma umebomoa kuta za mji fulani wa maadui. Sitawaficha, Sombrac walifurahi. Judith mwenyewe alizunguka kwa majirani akisema, "Mwanangu ameangusha ukuta." Hakuuliza nyuma ya ukuta ule walikuwa wamekaa akina nani. Alikuja kuliuliza swali hilo baadaye, tena kila siku.

Miaka mitatu ikapita. Mfalme, akiwa hana tena adui wa kumtisha, akatangaza: mfalme mmoja, sheria moja, imani moja. Hati imefutwa. Kanisa la Sombrac libomolewe, na watoto waondolewe kwa wazazi wao wakalelewe katika imani ya mfalme.

Atupele, umeacha maharage. Ndiyo, watoto waondolewe. Na saini yake mwenyewe ilikuwa ndani ya sanduku, muhuri bado unang'aa.

Watu wa Sombrac walifunga lango. Wakawatuma wazee wawili kwa mfalme, wameibeba hati, wamwonyeshe mkono wake. Wazee wale hawakurudi. Siku ya tisa, saa nne asubuhi, kikosi cha askari kikatokea bondeni na farasi sita wakivuta mzinga mmoja.

Aliyekuwa juu ya ukuta alikuwa na macho makali. Aliyasoma maandishi ubavuni mwa mzinga, akageuka na kuwaambia waliokuwa chini, "Ni Huruma. Huruma amerudi."

Hapo, wanangu, kama ingekuwa mji mwingine wowote, watu wangeshuka kwenye mahandaki. Hawa walifungua lango. Walisema, mfalme angetaka kutuua, angekosa mzinga mwingine? Ametuletea wetu. Wazee wamefika, hati imesomwa, ameona aibu, na hii ndiyo ishara yake. Wakavaa nguo za ibada. Wakajipanga kwenye ngazi za kanisa, palepale walipoiaga kengele, wakaanza zaburi ileile. Kutoka langoni mpaka kanisani barabara ilikuwa moja, imenyooka.

Judith alitoka peke yake kuupokea mzinga, amebeba mkate kwa kitambaa cheupe. Askari wakampisha kwa kudhani ana wazimu. Akaenda moja kwa moja, akaweka kiganja juu ya lile jina.

"Umeamkaje?" akauambia.

Kapteni wa mizinga alikuwa mtu wa makamo, mwenye sauti ya upole. Akamwambia, "Mama, ondoka hapo tafadhali."

"Huyu ni mwanangu. Mimi ndiye niliyempa jina."

"Nasikia, mama. Ondoka."

"Ndani yake mna vifungo vya koti la mume wangu. Sita. Mna ufunguo wa akina Bassin na kijiko cha mtoto wa jirani yangu. Soma hapo, imeandikwa nani wamemzaa."

Kapteni akayasoma. Akayasoma yote, midomo ikichezacheza. Judith akaona uso wake umelainika, akajua wamepona. Akamnyooshea mkate.

Kapteni hakuupokea. Akasema, polepole, kama mtu anayemweleza mtoto jambo la kawaida, "Mama, mzinga haukumbuki kwamba ulikuwa kengele."

Kisha akaamuru askari wawili wamweke kando, wasimuumize. Wakamshika mikono kwa adabu. Baruti ilikuwa imekwisha kushindiliwa. Utambi ukaletwa.

Kombora lilipita katika lango lililo wazi, likaifuata barabara iliyonyooka, likafika kwenye ngazi. Zaburi ilikatika katikati ya neno. Watu kumi na wanane.

Nilipolisikia jambo hili mara ya kwanza nilikuwa na kikombe cha chai mkononi. Nilikiweka chini, na kesho yake asubuhi nilikikuta palepale. Nilikuwa nimesoma vita vingi, nimefundisha hesabu za wafu kwa maelfu, na sikuwa nimewahi kushtuka hivyo. Walikuwa wamefungua lango kwa mikono yao.

Judith alisema baadaye kwamba kilichomtisha kuliko vyote ni ile sauti. Alisikiliza, akitafuta ndani yake hata chembe ya Huruma wa zamani, kwa kuwa shaba ni ileile. Hakusikia kitu. Ulikuwa mngurumo kama wa mzinga wowote.

Kanisa lilibomolewa. Waliosalia wakatoroka usiku kidogokidogo na watoto wao, wakavuka mpaka hadi nchi moja ya tambarare isiyokuwa na mfalme, iliyotawaliwa na baraza. Huko vile vitabu vilivyochomwa kwao viliuzwa madukani kama njugu. Judith akapata chumba na mtambo wa kufumia. Alikuwa hasemi sana.

Mwaka wa pili, baraza la nchi ile likaamua kupigana na mfalme yule yule. Wajumbe wakaja katika kanisa la wakimbizi kuomba kengele yao ndogo iyeyushwe. Wakimbizi wakalia kwa furaha. Nani asingetoa? Safari hii mzinga ungekwenda kwa mwenye dhambi mwenyewe. Mzee wao, Isaac Bassin, aliyempoteza mke kwenye ngazi zile, akasimama akasema, "Tuitoe. Na mzinga tuuandike majina ya marehemu wetu kumi na wanane."

Judith akanyanyuka kwenye benchi la nyuma.

"Kaka Isaac, usiyaweke majina yao humo."

"Hawa ni wenzetu, Judith. Wametupokea. Ahadi yao wameiandika na kuisaini."

"Na yule alisaini. Mimi siwasemi hawa ubaya, nimekula mkate wao. Wakitaka shaba, nina sufuria mbili na kinara, wachukue leo. Lakini kengele ibaki inaita watu. Ukishaiyeyusha, huwezi kuituma kwa uliyemkusudia tu. Itakwenda inakovutwa. Nilifurahi alipoangusha ukuta wa watu nisiowajua, Isaac. Nadhani na wao walikuwa na ngazi."

Isaac akauliza kwa sauti ndogo, "Hata ikiwa na jina?"

"Jina tulilisoma wote. Hata kapteni alilisoma." Ndipo akaitamka ile kauli ya kapteni, na tangu siku hiyo ikawa ya kwao. Wakatoa sufuria, vinara, ndoo na bawaba za milango, mkokoteni mzima. Kengele haikushushwa.

Ndiyo hadithi yenyewe. Sasa turudi sokoni, kwa maana naona Lutengano ana swali na anaogopa kuniudhi.

Kyando, huyu mkubwa wa mgambo, nimemfundisha mimi. Mama Tumwitike, shangazi yake, alimlea na kumsomesha kwa kuuza vitumbua pale pale penye kibanda kilichovunjwa leo. Soko zima lilimchangia nauli ya chuo, wa nyanya ametoa, wa mitumba ametoa, na mimi nilitoa. Alipopewa cheo tulimpigia vigelegele, tukaambiana sasa tuna mtu wetu. Alipokwenda kuvunja vibanda vya soko la juu, vya watu tusiowajua, mlimsikia nani hapa akiuliza? Mimi sikuuliza.

Leo alipokuja na watu wake, wenzake Mama Tumwitike walimwambia ahamishe vyombo. Akakataa. Akasema, "Huyu ni Tuma wangu, hawezi." Akatoka nje na sahani ya vitumbua vya moto, akamwita kwa jina lile la utotoni. Mlikuwepo. Alimwita mara tatu. Kyando alimsikia, akamsogeza kando kwa adabu kabisa, akamshika kiwiko asijikwae.

Kesho asubuhi tunakwenda kumjengea kibanda. Lutengano atabeba mbao. Yule mama atamtetea mwanawe, atatuambia ametumwa tu, atasema moyoni bado ni Tuma yule yule. Msibishane naye, na msimcheke. Mpokeeni vyombo vyake tu. Akiwauliza kwa nini mtoto aliyemlea hakugeuka alipoitwa kwa jina lake, mtamjibu polepole: Mama, mzinga haukumbuki kwamba ulikuwa kengele.