Mihayo na Doto wa Toazi Lake

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, kanitumia hii asubuhi na chini yake kaandika, "Wewe unahusika." Sijui alimaanisha nini, ila nimeisoma mara tatu. Isome na wewe, halafu uangalie inamhusu nani hapo kwako.

Palikuwa na mpiga dramu upande wa Unyamwezi, jina lake Mihayo, katika bendi ya dansi iliyoitwa Mbiu Jazz. Alikuwa na matoazi mawili ya mguu, yale yanayokaa kwenye stendi yakitazamana, moja juu, moja chini. Mpigaji akikanyaga pedali, yanakutana: chi! Wacheza dansi hawayajui hata jina, lakini nyonga zao zinayajua.

Matoazi yenyewe yalikuwa ya kale, yamempita Mihayo umri. Aliyarithi kwa mzee aliyemfundisha kazi, ambaye siku ya kumkabidhi alimwambia maneno machache tu: "Hawa ni Kulwa na Doto. Usiwatenganishe." Huko Unyamwezi mapacha ndiyo majina yao hayo. Anayetangulia kuzaliwa ni Kulwa, anayemfuata ni Doto. Juu ya toazi la juu mzee alikuwa amekwaruza herufi K kwa msumari.

Mihayo alimpenda Kulwa kupita kiasi. Kila Ijumaa alimfungua, akaenda naye nyumbani, akamsugua kwa ndimu na majivu mpaka ukaweza kujitazama ukinyoa ndevu. La chini alilikuta limefungwa kwenye stendi, akaliacha hapo hapo. Nani hulitazama toazi la chini?

Ijumaa moja wezi wakavunja ukumbi wa bendi, wakabeba stendi pamoja na toazi la chini. Kulwa alipona kwa sababu alikuwa nyumbani anasuguliwa.

Kiongozi wa bendi, Mzee Luhende, alitafuta stendi nyingine. Kuhusu toazi akasema: "Mihayo, Jumapili ijayo tuna harusi. Usipopata la kuziba pengo, nachukua kinanda cha umeme. Kile kina ngoma humo humo ndani, na hakiombi ruhusa ya kwenda msibani."

Mihayo akacheka kwa adabu. Kigoda cha mpiga dramu alikuwa amekikalia miaka kumi na tisa. Akiondolewa pale, hakujua angekuwa nani.

Basi akamtia Kulwa kwenye kapu, akaenda kumtafutia pacha.

Alianzia kwenye banda la vyuma chakavu karibu na stesheni. Mwenye banda alikuwa mwanamke mfupi, maji ya kunde, mcheshi, watu wote wakimwita Mama Chakavu. Kwenye mizani alisimama jibaba refu, jeusi tii, ambalo halikufungua mdomo ila kutaja kilo.

"Mama, shikamoo. Natafuta Doto wa huyu," Mihayo akasema, akimtoa Kulwa kapuni.

"Marahaba, mwanangu." Mama Chakavu alilipokea toazi kwa mikono miwili, akaligonga kwa ukucha, akatega sikio mpaka mlio ukaisha wote. Kisha akafukua rundoni na kutoa toazi jingine. Lilikuwa zito, jeusi kwa uchafu, na ukingo wake umepindapinda kama chapati ya mtu anayejifunza kupika.

"Jaribu hili."

Mihayo aliona kama ametukaniwa mtoto. "Mama, na uzuri wote huu wa Kulwa, pacha wake ndiye huyu? Tazama rangi! Tazama ukingo!"

"Mimi nimesikiliza, wewe unatazama," mama akajibu bila kukasirika, akalirudisha toazi mahali pake.

Mihayo akazunguka mji mzima. Aliingia makanisani, akaingia kwenye stoo za kumbi za harusi, akawagongea wanajeshi wastaafu waliowahi kupiga bendi. Siku ya tano, kwa mjane wa mpiga tarumbeta, akaliona: upana ule ule, rangi ile ile, hata mhuri wa kiwandani ule ule. Alilipima kwa mkono, uzito sawasawa. Akabadilishana kwa redio yake aliyoipenda, na njia nzima akawa anapiga mluzi.

Jumamosi mazoezini akayafunga mawili yale kwenye stendi. Yalipendeza mno. Wenzake wakamzunguka kama watu wanaotazama bibi harusi. Mihayo akakanyaga pedali.

Fup.

Akakanyaga tena. Fup. Akakaza, akalegeza, akaongeza nguvu. Fup, fup.

"Hiyo ni dramu, au kuna mtu anapiga mto?" Mzee Luhende akauliza. "Kesho saa nne asubuhi kinanda kinafika. Ukiwahi umewahi."

Mtu mwingine angelitupa toazi lile. Mihayo lilimtia mshangao. Inakuwaje vitu viwili vilivyolingana hivi vikikutana vinyamaze? Swali hilo halikumpa raha. Akabeba stendi na kila kitu, akarudi kwa yule aliyesikiliza.

Alimkuta Mama Chakavu anaosha vyombo. Akamweleza yote. Mama akachukua sahani mbili za bati zinazolingana, bado zimelowa, akazibandika moja juu ya nyingine, akazikandamiza.

"Zitenganishe."

Mihayo akavuta. Zikagoma. Akavuta tena, jasho likamtoka.

"Vilivyolingana mno vinabanana," mama akasema. "Maji yakilowesha, hayaachii. Na kwenye matoazi yako, hewa ikikosa pa kutokea, sauti itatokea wapi?"

Akaenda rundoni, akarudi na lile toazi lililopinda. Safari hii Mihayo hakubisha. Alilifunga chini, Kulwa juu, akakanyaga.

Chi!

Mguu ukaganda kwenye pedali. Mguu ulilitambua kabla ya kichwa. Akakanyaga tena, polepole, kama mtu anayegonga mlango wa kwao. Chi! Akalifungua haraka, akalifuta kwa shati lake. Chini ya uchafu, kwa mkono ule ule na msumari ule ule, palikuwa pamekwaruzwa herufi D.

"Mama," akasema, "hili ni langu. Ndilo lililoibwa, wezi wamekuja kuliuza hapa kwa kilo. Nimelikanyagia miaka kumi na tisa."

"Na ulipoliona hukulijua?"

"Sikuwahi kulitazama." Aibu ilimshika, akainamisha kichwa. Kisha udadisi ukamrudia. "Lakini mama, hawafanani! Mzee aliniambia ni Kulwa na Doto."

Mama Chakavu akacheka mpaka akashika mbavu. "Ehee! Unamwona yule pale kwenye mizani?"

Mihayo akalitazama lile jibaba refu, jeusi tii.

"Yule ndiye Kulwa. Mimi jina langu hasa ni Doto. Tumbo moja, siku moja. Nani alikudanganya kwamba mapacha lazima wafanane?"

Kwa mara ya kwanza jibaba likasema neno lisilo kilo: "Na yeye ndiye mwenye mdomo. Mimi nabeba."

Jumapili harusini nyonga hazikutulia, na kinanda kilirudi kilikotoka hakijafunguliwa. Lile toazi lililofanana Mihayo alimwachia Mama Chakavu, naye akalifanya mfuniko wa sufuria ya maharage. Anasema lile tundu la katikati linatoa mvuke vizuri sana.

Ijumaa iliyofuata Mihayo aliyafungua matoazi yote mawili, akaenda nayo nyumbani. Alipokaa na ndimu zake, alianza na la chini.

Funzo: Kupatana si kufanana; kabla hujatoka kumtafuta anayekufaa, mgeukie na umtazame yule aliyekuwa chini yako siku zote, akikufanya usikike. Shemeji, ujumbe umefika.