Kanga, Shimo la Fisi na Asali ya Nyuki

"Paukwa!"

"Pakawa!"

Tegeni masikio, jamani. Sogeeni motoni.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakilima, Kanga aliishi peke yake. Dada yake alihama mwaka wa ukame, akavuka mbuga kavu. Kila jioni sauti yake ilikuja na upepo: "Njoo, dada! Njoo, dada! Njoo!"

Kanga alitamani mno kwenda. Lakini kuvuka mbuga ni siku tatu, na kila siku inataka kibuyu kimoja cha mtama. Yeye alikuwa na kimoja tu, tena cha mbegu, kilichoning'inia juu ya moshi wa jiko ili wadudu wasiingie, kikisubiri mvua.

Siku moja Fisi akapita. "Mama Kanga, macho mekundu hivyo! Ni moshi au ni dada?"

"Ni dada, Bwana Fisi."

"Basi mimina mtama wako shimoni mwangu. Lete wakulima wawili wamimine wao pia, nao walete wawili wawili. Utapata vibuyu vitatu."

"Unalima wapi mtama huo?"

Fisi akacheka. "Nani alime na jua hili? Ni mtama wa watakaokuja."

Nyuki alikuwa akisikia. "Shangazi, mimi nina asali. Iuze kwa mtama, upate fungu lako. Ukimfundisha mwenzako naye akauza, utapata kijiko cha mtama kwa kila kibuyu cha asali anachouza. Kumleta tu hakuna malipo."

"Vibuyu vitatu nitavipata lini?"

"Labda misimu miwili. Labda usivipate, maana si wote hununua asali."

"Na asipokuja mtu mpya?"

"Asali italiwa na waliopo. Kamuulize Fisi swali hilo hilo."

Kanga hakuuliza. Jioni ile sauti ilikuja: "Njoo, dada!" Akakishusha kibuyu kutoka kwenye moshi.

Akawaleta Digidigi na Kobe. Wawili wakaleta wanne, wanne wakaleta wanane. Fisi akampa Kanga kibuyu kimoja. "Bado viwili tu!" Wale wanane wakatafuta kumi na sita. Wapi! Pori zima lilikuwa na wakulima kumi na watano, na wote walikwisha kuingia.

Wakakimbilia shimoni. Mlikuwa na makapi matupu. Fisi alikwisha kutoroka, tumbo ndii.

Mawingu yakatanda. Kobe akasema taratibu, "Mama Kanga, mvua hiyo. Nipande nini?"

Kanga akampa kile kibuyu kimoja. Kisha akaenda kwa Nyuki.

Akauza asali mlango kwa mlango. "Umetuletea shimo jingine?" walimkejeli.

"Chovya kidole kwanza," alijibu.

Wengine walinunua, wengine walimfukuza. Kila alipopata mbegu, alimrudishia mmoja wa waliopoteza mtama shimoni. Msimu wa kwanza ukapita, wa pili, wa tatu. Na sauti ya jioni ikazidi kufifia: "Njoo, dada... Njoo..."

Alipomaliza kuwarudishia wote, akajaza vibuyu vyake vitatu, akasimama asikilize aelekee wapi. Upepo ulikuja mtupu.

"Nakuja, dada!" akaita. "Nakuja! Nakuja!"

Ndiyo maana mpaka leo kanga huita jioni, hunyamaza kidogo akiinamisha kichwa, kisha huita tena.

Hadithi yangu imeishia hapo, ukingoni mwa mbuga. Anayeitwa na aitikie mapema.