Nyati Aliyetakiwa Kumaliza Pumzi

Paukwa, wenzangu.
"Pakawa."
Pakawa na nini?
"Pakawa na kiangazi."
Na kiangazi kikapata mwenyewe, naye ni Nyati.

Nyati alikikalia kisima, kisima kimoja nyika nzima, akatunga sheria. Kibuyu kijazwe maji, kipinduliwe kisimani mdomo chini, mnyama apulize ndani yake kwa mrija, bwa-bwa-bwa, pumzi ifukuze maji. Kadiri ya pumzi iliyoingia kibuyuni ndiyo kadiri ya maji atakayokunywa. Akishapuliza sharti atamke kwa mdomo wake, "nimemaliza." Asipotamka hapimiwi, na asipopimiwa hanywi.

Akaja Sange, mnyama mdogo kama panya mwenye pua ndefu, mwanawe Chepe mgongoni, kifua kinamlia hii-kwi, hii-kwi, siku ya nne hiyo, na mama hajalala, kila akifumba macho anafumbua asikilize, kikilia anaogopa, kisipolia anaogopa zaidi.

Chepe akapuliza. Bwa. Basi.

"Nimemaliza," akasema.

"Tone moja," akasema Nyati.

"Bwana Mkubwa, mtoto ana homa, tone halimfikii hata kooni."

"Mama Pua, kwani kifua chake nilimpa mimi? Sheria ndiyo inayopima, mimi nakunywa tu. Nipishe, zamu yangu."

Nyati akapuliza. Bwa-bwa-bwa. Vibuyu ishirini.

"Nimemaliza."

Sange alikuwa amechoka hata kule kuogopa kumemchoka. Akasema, "Bado."

"Bado nini?"

"Hujamaliza, Bwana Mkubwa. Ungekuwa umemaliza, neno hilo ungelisema kwa pumzi ipi? Kuna iliyobaki kifuani. Iliyotoka jumlisha na iliyobaki, ndiyo pumzi yako yote. Huenda ni vibuyu ishirini na vitano, na sisi hapa tunakupunja."

Nyati akawaza vile vitano. "Kumbe nadhulumiwa kisimani kwangu mwenyewe."

Akavuta, akapuliza upya, bwa-bwa-bwa, hata mbavu zikakaribiana. Ishirini na kimoja.

"Nimemaliza."

"Bado. Umesema."

Akavuta, akapuliza, bwa-bwa-bwa, macho yakamtoka.

"Nime... maliza."

"Bado. Umesema tena."

Akavuta, akapuliza, bwa, bwa, hata sauti ikawa nywii, kama mbu. Akatikisa kichwa kuonyesha kwamba tayari.

"Kichwa si mdomo," akasema Sange. "Sheria ni yako, Bwana Mkubwa."

Nyati akafungua mdomo. Dunia ikamzunguka. Akaanguka, pu, chini.

"Amekufa?" akauliza Ngiri, aliyekuwa nyuma kwenye foleni.

"Anapumua, huyo, msikilize," akasema Sange. " Iliyobaki haitoki, ndugu yangu, haitoki kwa yeyote, hata ukikamuliwa. Kunywa upesi, ataamka."

Wakanywa wote. Sange akamnywesha Chepe, kidogo, kidogo, kidogo tena. Kisha akambeba hadi kivulini, akamlegezea shingo, akaweka sikio kifuani. Hii-kwi. Akangoja. Hii-kwi. Akahesabu mpaka arobaini, na ya arobaini na moja hakuisikia, kwa sababu mama mwenyewe alikuwa amelala.

Hapo ndipo hadithi ilipoketi. Mwenye nguvu na ainyanyue.

Na funzo lake? Ukimuuliza Nyati, sheria ya mkubwa isijadiliwe, mdogo ashukuru kwa tone lake, na mama asinziaye mchana ni mvivu.