Kadi Isiyorudi

Leo nimewaletea fundi mmoja. Jina lake msiniulize, nimemtunga mwenyewe jana nikipiga pasi shati hili. Si fundi wa cherehani wala wa bomba. Ni fundi wa programu za simu, wale wanaokaa mbele ya kompyuta kutwa nzima, ukimuuliza amefanya nini leo anakwambia ameondoa kosa moja. Kosa moja! Haya, na sisi tuhesabu ya kwetu tukifika nyumbani.

Fundi huyu alikulia kwenye nyumba ya wacheza karata. Mama wa kwaya, usinikunjie uso, si kamari. Mchezo wenyewe unaitwa Ghala. Walimu wa chuo kimoja waliutunga zamani, wakachora kadi kwa mkono, na juu ya boksi wakaandika kwamba mchezo huu ni wa wote: nakili, badilisha, gawa, ila usiufunge ukawa wako peke yako. Kwa hiyo ukasambaa mikoa yote. Kila mchezaji anajaza ghala lake kwa kadi za mvua na za jembe. Ipo kadi moja mbaya, ya kiangazi. Ukiiweka kwenye ghala la mwenzako, akiba yake yote inakwisha.

Kwao walicheza wanne: baba, mama, yeye na kaka yake. Halafu baba akaugua, akafariki. Msibani, watu wote wakisikia, kaka akamgeukia mdogo wake akasema, "Wewe unalia nini? Baba ameugua miezi minane, umekuja mara moja." Maneno yale yalikuwa na ukweli ndani yake, ndiyo maana yaliuma hivyo. Fundi aliweka udongo wake kaburini, kesho yake akapanda basi, na tangu siku ile ndugu hao hawakusemeshana. Mwaka ukapita, wa pili ukapita. Kaka anafundisha Mpanda, fundi yuko Dar, na mama yuko Makambako akimpa kila mmoja habari za mwenzake.

Je, fundi alimtaka kaka yake? Alimtaka mno. Ila alitaka kaka ndiye aanze. Mnamjua mtu wa namna hiyo? Msimtazame jirani, tazameni mbele.

Basi akapata wazo. Mchezo wa Ghala hauna mwenyewe, ruhusa imeandikwa juu ya boksi. Akasema, nitauweka kwenye simu, kaka atacheza nami huko aliko, na hakuna atakayelazimika kufungua mdomo. Akakaa miezi mitatu anatengeneza. Ile karatasi ya ndani ya boksi ina kanuni ishirini na moja, na zote aliziingiza, hata ile ya nani agawe kadi mkubwa na mdogo wakigombana. Majina ya walimu akayaweka mbele kabisa. Na maandishi ya ndani ya programu, yale yanayoifanya iende, akayaacha wazi ili yeyote aone ilivyoundwa na alete marekebisho, kama walimu walivyotaka. Mpaka hapo ni mtu mwema, sina neno naye.

Wa kwanza kujaribu alikuwa mama, aliyekuja Dar kutibiwa macho. Akagusa kadi, akaguna.

"Nimekosea hapa. Nairudishaje?"

"Hairudi, mama. Ikishawekwa imewekwa."

"Hairudi vipi? Mbona baba yako alikuwa akiturudishia? Unasema nimeteleza, unachukua kadi yako kabla mwenzio hajaweka ya kwake."

"Hiyo haimo kwenye kanuni, mama. Nimezisoma zote."

"Haimo?" Mama alishangaa kweli. "Mimi sijawahi kuona watu wanacheza bila hiyo."

Fundi akacheka, akamchemshia mama chai, mambo yakaishia hapo. Wiki mbili baadaye dada mmoja wa Tanga, asiyemjua kabisa, akamletea rekebisho ambalo tayari ameshalitengeneza mwenyewe: kitufe cha kurudisha kadi. Aliandika hivi: "Hongera kwa kazi, kaka. Huku kwetu tunarudisha, na nimeuliza Songea na Bukoba, nao wanarudisha. Ukikubali tu linaingia." Fundi akamjibu kwa adabu, "Ahsante sana dada, lakini mimi nafuata kanuni kama zilivyoandikwa." Akalikataa. Tena akaongeza maandishi mekundu, yatokee kwenye kioo kila mtu anapojaribu kuvuta kadi aliyokwisha kuiweka: Kadi ikishawekwa hairudi.

Sasa niwaulize, wale walimu kwa nini hawakuiandika? Walisahau? Hapana. Hawakuiandika kwa sababu haikuwajia akilini kwamba atatokea mtu wa kucheza bila hiyo.

Fundi akamtumia kaka yake linki. Hakuweka hata salamu. Jumamosi mchana akaona jina la kaka limetokea kwenye mchezo, na nawaambia, yule mtu alisimama, akakaa, akasimama tena kwa furaha. Wakacheza. Hakuna aliyesema neno, lakini wakacheza, na Jumamosi iliyofuata wakacheza tena. Jumamosi ya tatu ghala la fundi lilikuwa limebakiza kadi moja lijae. Hapo kaka akaweka kiangazi. Ghala likawa tupu.

Zamu ilikuwa ya fundi. Hakucheza. Alikaa anakitazama kioo, na uchungu wote wa msibani ukampanda upya.

"Kumbe bado," akasema peke yake pale sebuleni. "Huyu mtu hajabadilika hata kidogo."

Akafunga simu. Jumamosi iliyofuata kaka hakuingia, wala ile nyingine, na fundi akajiambia kwamba afadhali, sasa amejua.

Ukapita mwezi. Mtu mmoja wa Singida akalalamika kwamba kadi zinamkwamia. Fundi akafungua kumbukumbu za programu, maana ilikuwa inaandika kila mara kidole cha mchezaji kinapokataliwa, ili yeye ajue watu wanakwama wapi. Akawa anatafuta ya Singida, akakutana na ya Mpanda. Jumamosi ile ile, saa tisa alasiri. Kadi ya kiangazi: mchezaji amejaribu kuivuta irudi, imekataliwa. Ameivuta tena, imekataliwa. Fundi akashuka na kidole mstari kwa mstari akihesabu. Mara kumi na sita, ndani ya dakika nne.

Mmenielewa? Wakati fundi amekaa Dar anamlaani kaka yake, kaka yuko Mpanda anahangaika kuiondoa kadi ile kwenye ghala la mdogo wake. Na mara zote kumi na sita kioo kilimjibu kwa maneno aliyoyaandika fundi mwenyewe, kwa rangi nyekundu.

Fundi alilia. Alipomaliza akalitafuta lile rekebisho la dada wa Tanga, akalikubali. Haikuchukua dakika moja. Kuanzia siku ile kila anayecheza Ghala kwenye simu anaweza kurudisha kadi, na watu wakamsifu. Lakini mchezo ule wa Jumamosi ulikuwa umeshafungwa, na hakuna kitufe cha kuufungua. Huo ulihitaji apige simu, aseme.

Sasa niwaache fundi na kaka yake, nizungumze na sisi.

Sisi ni watu wa kanuni. Usharika wetu una katiba ya kurasa arobaini, na nimeshaona watu wazima wakigombania koma. Watoto wetu wanazitaja amri kwa namba. Vizuri, sikatai. Lakini wewe uliyekaa hapo, mama yako alikurudishia kadi ngapi kabla hujafika ulipo? Mwalimu wako je? Mungu amekurudishia mangapi, tangu asubuhi tu ya leo? Nani aliyaandika? Hakuna. Tumelelewa na huruma ambayo haikuandikwa popote, na ikifika zamu yetu ya kuwapa wengine tunatoa yale tu yaliyo kwenye karatasi.

Halafu unaniambia yule aliyekukosea hajaomba msamaha. Una hakika? Shemeji yako aliyekutumia gunia la viazi bila ujumbe wowote, unadhani viazi vilimzidi? Yule ndugu anayekupigia, ukipokea anaulizia mvua, tangu lini mvua ya kwako inamhusu? Anavuta kadi, mpendwa. Maneno hana, anavuta tu. Na wewe umempa sura ile nyekundu, "Ulishasema, umesema," halafu unakuja hapa kutuambia kwamba hajabadilika. Tunatisha, sisi.

Najua mnataka kusikia kama fundi alipiga simu. Nawaona. Jana nilipofika hapo shati lilikuwa limeshanyooka, sikumtunga zaidi. Na hata kama ningejua nisingewaambia, mkaondoka mmefurahi kwa simu ya mtu mwingine.

Tutaimba, tutatoa sadaka, tutatoka. Kama kawaida nitakuwa pale mlangoni kuwapa mikono. Atakayenipita anaongea na simu, apite tu. Huyo nitamsalimia Jumapili ijayo.