Utani wa Nyati na Kiboko

Hapo zamani za kale, wanangu, wakati wanyama walipokuwa na milango, vyungu na wakwe wasumbufu, kulikuwa na mto uliokaukiwa maji. Lilibaki dimbwi moja tu, refu na jembamba. Ng'ambo hii walikaa nyati, ng'ambo ile wakakaa viboko. Katikati, juu ya jiwe lililo kwenye kivuko, ilikuwapo nyumba ya Pimbi.

Pimbi mnamjua. Mnyama mdogo, mnene kidogo, mkia wenyewe ni wa kutafutwa, na mdomo wake hautulii. Mkewe aliitwa Tunu, na siku tisa tu zilikuwa zimepita tangu ajifungue pacha. Alikuwa hajatoka arobaini.

Kiangazi kile maji yalivyopungua ndivyo maneno yalivyoongezeka. Kiboko, mkuu wa ng'ambo ile, akachora mstari kwenye tope kwa pua yake, akatangaza kwamba nyati yeyote atakayeuvuka atang'atwa mpaka ajute kuzaliwa na kiu. Nyati, mkuu wa ng'ambo hii, akajibu kwamba mstari umepinda kama aliyeuchora. Kiboko akasema uso wa nyati ni mlango uliopigwa teke. Nyati akasema viboko wanaoga kutwa kucha na bado wananuka.

Hivyo hivyo siku tatu. Siku ya nne Nyati akapeleka neno: kesho adhuhuri, mstari ukiwa bado upo, jeshi lake litavuka.

Litavuka wapi? Kwenye kivuko. Na kwenye kivuko kuna nini? Haya, mmeshaelewa.

"Mume wangu," Tunu alisema huku ananyonyesha, "nyati mia mbili wakipita hapa, ukuta utabaki?"

"Haubaki."

"Na sisi?"

Pimbi aliwatazama wale watoto, kila mmoja hata kiganja hajazi, akaogopa kweli kweli.

"Nikubebe tukimbilie mlimani?" akauliza.

"Unibebe mimi na pacha, kwa mgongo huo? Nenda ukaseme nao."

"Niseme nini? Mimi ni pimbi."

"Tangu umenioa hujawahi kunyamaza, hata chakula kikiwa mdomoni. Leo ndiyo unakosa la kusema?"

Pimbi akajikuna kichwa. Akakaa. Akasimama. Kisha akatoka mbio, fyuu, mpaka kwa Nyati. Akamkuta chini ya mgunga, na kando yake Jemadari Ngiri akijaribu ngoma ya vita, ti-ti-puu, ti-ti-puu.

"Shikamoo, Mzee Nyati."

"Marahaba. Sema haraka, kesho tuna vita."

"Vita na nani, mzee?"

"Na nani tena? Na lile pipa la ng'ambo."

Pimbi akacheka. Akacheka mpaka akakaa chini. Moyoni alikuwa anatetemeka, lakini hilo hakuna aliyeliona.

"Unacheka nini?" Nyati akauliza.

"Nisamehe, mzee. Nimeshangaa tu. Hivi kuna anayekwenda vitani na mtani wake?"

Nyati akaacha kutafuna. "Mtani wangu nani?"

"Kiboko. Kwani hukuambiwa? Babu yako alipofariki, babu yake Kiboko alikuja msibani akajilaza ndani ya kaburi, akakataa kutoka mpaka apewe uji. Waliokuwa wanalia wakajikuta wanacheka. Ukoo wako na wake ni watani. Mnatukanana tangu enzi hizo, na hakuna anayenuna."

"Hilo sijawahi kulisikia."

"Ulikuwa bado unanyonya. Lakini wewe fikiri mwenyewe, mzee. Adui hukutukana mara moja, kisha anakuja. Huyu kakutukana siku tatu nzima na hajasogea hata hatua moja. Nani anafanya hivyo kama si mtani?"

"Uongo huo!" Jemadari Ngiri akadakia. "Mzee, sisi tuvuke tu. Kabla jua halijapinda tutakuwa tumemaliza kazi."

"Jemadari," Pimbi akauliza kwa adabu, "wewe utakuwa mstari wa ngapi?"

"Mimi? Mimi nitabaki huku nyuma, nalinda ngoma."

Nyati akamtazama Jemadari wake kwa muda. Kisha akamgeukia Pimbi. "Na mtu akikasirikia utani, inakuwaje?"

"Sheria ni moja. Anayekasirika kwanza anaupikia ukoo mzima wa mwenzake, na anakoroga mwenyewe."

"Viboko wanakula kiasi gani?"

"Mzee, hilo usiulize."

Nyati akawaza sufuria, akawaza mwiko, akawaza moshi machoni. Akakohoa. "Sijakasirika," akasema. "Nani kasema nimekasirika?"

"Basi kesho adhuhuri njoo kwangu, mkapigane kwa midomo. Jeshi liache ukingoni. Mtani hamwendei mtani wake na jeshi, watu watasema ameishiwa maneno."

Kutoka hapo Pimbi akazunguka mpaka ng'ambo ya pili. Kiboko alikuwa majini, macho na masikio tu juu. Akaisikiliza habari yote ya kaburi na uji bila kupepesa.

"Kama ni mtani wangu," Kiboko akasema, "mbona hajawahi kunitembelea?"

"Baba, amekuja siku tatu mfululizo kusimama mlangoni pako. Wewe ndiye uliyemchorea mstari."

Kiboko akatoa mapovu puani, bub-bub-bub. Ilionekana jambo hilo hakuwa amelitazama kwa upande huo. "Na anayekasirika anapika?"

"Anapika na kukoroga."

"Nitakuja," akasema Kiboko.

Kesho yake adhuhuri, nyati walijipanga ukingo huu pembe mbele, viboko wakajipanga ukingo ule vinywa wazi. Hakuna aliyekuwa na hakika kama ni utani au ni vita. Pimbi mwenyewe hakuwa na hakika. Alikuwa amefagia ua, ameweka mikeka miwili, na Tunu alikuwa nyuma ya mlango amewakumbatia pacha.

Wakuu wawili wakaketi. Kiboko akaanza.

"Wewe mwenye uso wa mlango uliopigwa teke, hujambo?"

Nyati akavuta pumzi ndefu. Akakumbuka lile sufuria. "Sijambo, mtani. Naona leo umeoga. Au ni mimi nina mafua?"

Mishipa ya shingo ikamtoka Kiboko. "He, he," akasema, kwa shida.

Wakaendelea. Huyu anatupa, yule anadaka, wote wanacheka kwa meno huku macho yamekauka. Pimbi akawa anageuza shingo huku na huku mpaka ikamuuma.

Kisha Kiboko akasema, "Na hiyo pembe yako iliyokatika ncha. Unawaambia wajukuu uliivunja ukipigana na simba. Mimi nilikuwa hapa hapa majini nikikuona. Uliigonga kwenye mti ukikimbia nyuki."

Hakuna aliyewahi kumgusa Nyati hapo.

Pua zake zikapanuka, kwato yake ikakwaruza jiwe, kwaru, kwaru. Kule ukingoni Jemadari Ngiri akainua vijiti vya ngoma. Ndani ya nyumba pacha mmoja akaanza kulia, na Pimbi akafumba macho. Aliwaza kwamba ameua familia yake kwa mdomo wake mwenyewe.

"Mtani," Nyati akasema polepole.

"Naam," akajibu Kiboko.

"Nyuki wenyewe walikuwa wengi."

Kiboko akamtazama. Tumbo likaanza kutikisika, kwanza kidogo, kisha lote. Nyati naye akapasuka. Walicheka mpaka Kiboko akabiringika kutoka kwenye jiwe na kuanguka kwenye tope, tifu! Alipoinuka, mstari aliouchora mwenyewe ulikuwa umefutika chini ya tumbo lake. Akautazama, akaona hauna haja ya kuchorwa tena.

Wakiwa wamechoka kucheka, wakazungumza habari ya maji. Haikuchukua muda mrefu. Nyati wanywe upande wa juu, penye maji mafupi, asubuhi na jioni, na wasitie kwato ndani. Viboko wakae upande wa chini, penye kina, na uchafu wao wabaki nao huko huko. Jemadari Ngiri akaambiwa aigeuze ngoma yake kuwa kiti.

Hapo ndipo mama yake Kiboko, kikongwe asiye na jino hata moja, akajikokota kutoka majini.

"Utani gani mnaouzungumza hapa?" akauliza. "Baba mkwe wangu hajalala kwenye kaburi la mtu. Huyo alikuwa mwoga hata wa shimo la panya. Na nyati hakuwahi kumwona, ila wa kumkimbiza."

Wakuu wawili wakageuza vichwa vyao vikubwa, polepole, wakamtazama Pimbi.

Pimbi akatafuta pa kujificha, lakini nyumba ilikuwa yake na kila mtu aliijua. "Wazee wangu," akasema, na safari hii sauti ilitetemeka wazi, "nilidanganya. Mke wangu hajatoka arobaini. Nyinyi mlikuwa mnagombea maji, na njia yenu inapita juu ya watoto wangu. Ningewaambia nini ambacho mngesikiliza?"

Nyati na Kiboko wakaenda kando wakanong'onezana. Walirudi wamekunja nyuso.

"Umetudanganya wote wawili," akasema Nyati.

"Ndiyo, mzee."

"Kwa hiyo tumeamua," akasema Kiboko. "Kuanzia leo wewe ndiye mtani wetu. Wa ng'ambo zote mbili."

Pimbi akashukuru mpaka akainama chini. Hakuwa ameifikiria vizuri adhabu hiyo.

Siku ya arobaini ikafika. Pacha wakanyolewa, wakatolewa nje waone jua, na ukuta wa nyumba ulikuwa umesimama imara. Pimbi alitoka kidogo kuchota maji ya wageni. Aliporudi, alimkuta Kiboko ameketi mlangoni na Nyati anakomba sufuria la mwisho kwa ulimi. Pilau yote ilikuwa imekwisha. Hata ukoko haukubaki.

Pimbi akaweka ndoo chini, puu.

"Mtani," wakauliza wote wawili kwa upole, "umekasirika?"

Pimbi akatazama ng'ambo hii, akaona nyati mia mbili. Akatazama ng'ambo ile, akaona viboko wasiohesabika. Kisha akamwona Tunu, amewapakata pacha, anacheka mpaka machozi yanamtoka.

"Nani, mimi?" akasema Pimbi, akitabasamu mpaka mashavu yakamuuma. "Karibuni tena."

Nami naishia hapo mlangoni kwa Pimbi, wanangu, na funzo lake ni hili: wakubwa wakikubali kuzungumza, wadogo hubaki na nyumba zao.